Cherehani Aliyoichukua Mtani

Mwanangu, jana ulinisomea habari ya mkuu wa nchi anayetakiwa na mahakama ya kimataifa. Alikwenda ugenini, akatandikiwa zulia, akarudi kwake salama. Ukauliza kwa hasira za mwanafunzi wa sheria: kiti kinamwekaje mtu juu ya sheria? Swali lako limenirudisha kijijini Ntalikwa, kwenye msiba wa mume wa shangazi yangu, mimi ndevu ndiyo kwanza zinaota.

Utani wetu unaujua. Babu zetu walibeba mizigo ya misafara hadi pwani, wakipita nchi za watu waliokuwa wakipigana nao, na ili njia zisifungwe wakawekeana utani. Ndiyo maana mtani akija msibani hutukana, huficha jembe la kaburi, hunyakua kitu cha nyumbani kwa marehemu, na haguswi. Akipewa kuku wa kukikomboa kitu hicho, hukirudisha.

Basi mtani wetu Kondo akanyakua cherehani ya shangazi. "Marehemu aliniahidi hii!" Tukacheka, hata shangazi akacheka na machozi yake. Matanga yakaanuliwa, kuku akapelekwa, Kondo akamla, cherehani hakuirudisha. Shangazi hakuwa na kitu kingine cha kulishia wanawe. Alipomfuata kwake Mtendeni alimkuta mke wa Kondo anawashonea wateja kwa cherehani hiyo.

"Mtani hashtakiwi, shemeji," Kondo akamwambia.

Vijana tukashika fimbo. Wazee wetu wakatuzuia: mkimpiga huyu, kesho nani atakuja kutuzika? Walisema kweli, na kweli hiyo ilimuumiza shangazi kuliko wizi wenyewe.

Ndipo bibi yangu Nyamizi, mama yake shangazi, akatukemea sote, vijana kwa wazee. "Wekeni fimbo chini. Na nyie wazee, acheni kuinamisha vichwa! Hiyo ngao ya Kondo mnadhani ni yake? Ni ya ukoo wake. Twendeni kwa wenyewe."

Tukaenda Chemchem kwa mzee wa ukoo wa Kondo. Baada ya salamu bibi akauliza, "Mtani wetu mlimtuma aje kuzika, au aje kuiba?"

Mzee akatuma Kondo aitwe, akamwambia mbele yetu. "Utani tulikupa ukatuwakilishe. Kwa jambo hili tumekuvua. Wakikushtaki, sisi hatumo."

Mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea. Kondo aliibeba cherehani kichwani mchana kweupe, kutoka Mtendeni hadi Ntalikwa, kama mpagazi wa zamani. Shangazi aliipokea, akaifuta vumbi, akatunga uzi.

Usidhani kila ukoo una mzee kama yule. Angekataa, wana wa shangazi wangelala njaa na utani wetu ukiwa mzima kabisa. Wenye ngao wakimficha mwizi, nani amvue? Hilo ndilo mnalobishania huko chuoni.

Nasaha yangu ni hii. Ngao usiivunje, maana kesho itamlinda mjumbe mwema. Lakini cheo ni dhamana: ukimwona mtu amejificha nyuma yake, waulize waliompa, uwagongee mlango hata wakikuchukia. Wakifungua, anza kwa kumtaja mjane aliyedhulumiwa, sheria zifuate.

Mungu akupe ulimi wa Bibi Nyamizi. Na siku wewe mwenyewe utakapopewa kiti, akujaalie ukiinuka pasiwepo mjane anayekungoja mlangoni.