Visu vya Ambrose

Ambilikile alikuwa mtu aliyechoka. Sisemi mvivu, maana mvivu huchoka kabla ya kazi. Miaka kumi na tisa alitengeneza majembe na mikokoteni kwenye karakana ya ushirika. Enzi za ruksa zilipokuja, bidhaa za nje zikajaa madukani, karakana ikafungwa, naye akarudi kijijini Ikolo na tupa, nyundo na mgongo unaouma. Kilichobaki kumlisha yeye na mkewe Rut ni miti ya kakao nyuma ya nyumba.

Mwaka ule kakao iliiva kwa mpigo, na mvua haikuwa na dalili ya kuacha. Tunda likicheleweshwa mtini mvuani, linaoza jeusi lote. Na kakao haivunwi kwa panga hovyohovyo. Ukijeruhi pale tunda liliposhikia, mwakani hapatoki ua. Kinatakiwa kisu kizuri, basi Ambilikile akaenda kukitafuta sokoni Lyulilo, akaangukia mikononi mwa mchuuzi mmoja aitwaye Ambrose.

"Hiki ni springi ya lori, baba," Ambrose alisema. "Utawaachia wajukuu."

Fundi chuma mzima akaamini. Tusimcheke sana, alikuwa na njaa na safari ya kurudi ilikuwa ndefu.

Tunda la tatu tu, kisu kikachomoka, mpini ukabaki kiganjani. Ndani ya mpini mlikuwa na nta na unga wa mbao, basi. Mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini haukufika hata urefu wa kidole gumba, na chuma chenyewe kilikuwa bati la pipa lililopakwa rangi ya viatu. Ambrose huyo, laiti ningekuwepo mimi siku hiyo.

Ambilikile hakutukana, hakuwa na nguvu hizo. Alikata ubapa upande wa nyuma ili mkia uwe mrefu. Akachonga mpini wa mpera, akautoboa kwa mkia wenyewe ukiwa mwekundu wa moto, akakaza kwa misumari miwili. Makali akayagonga yakiwa baridi, taratibu, maana bati la pipa halina dawa nyingine. Kikawa kisu.

Jirani yake Tuntufye alikiona, akaenda kuleta chake. Naye alikuwa ameuziwa springi ya lori. Kesho yake wakaja wawili, keshokutwa wanne. Wote walisema "ndaga fijo", asante sana, na kuondoka, na Ambilikile alibaki akichonga mipini huku kakao ikinyeshewa.

"Baba Anyisile, jifunze kukataa," Rut alimwambia. "Matunda yanaoza."

"Nitakataa kesho."

Hakuweza. Kila aliyekuja alikuwa amedanganywa kama yeye, na Ambilikile aliona aibu kumfukuza mjinga mwenzake. Bibi Jeni alipofika kwa miguu kutoka Bujonde, na mpera umekwisha, Ambilikile alichomoa mpini wa kisu chake mwenyewe akampachikia bibi. Wake angeuchonga baadaye, alisema.

Siku ya tisa akaja mama mmoja, Naomi, na kisu kimefungwa kwenye gazeti. Ambilikile akakigeuza. Kilikuwa kinang'aa, mpini haujalegea, hata tunda moja hakijakata.

"Hiki kina tatizo gani, mama?"

"Bado hakina, baba. Nimekinunua jana. Yule kijana wa Lyulilo amesema nisikitumie kwanza, nikupitishie wewe umalizie. Anasema mnafanya kazi pamoja."

Ambilikile aliwaza visu vyote alivyovitengeneza, na jinsi kila kimoja kilivyomsaidia Ambrose kuuza kingine. Alisikia uchovu ukimpanda toka miguuni mpaka kwenye meno. Kisha, kwa kuwa Naomi alikuwa bado amesimama mvuani, akanyoosha mkono kuchukua tupa.

Rut alisikia yote kutoka jikoni. Hakugomba. Aliokota kisu cha mumewe, kile kisicho na mpini, akakizungushia kipande cha kanga kwenye mkia, akaenda kuvuna kakao peke yake.