Chupa Mbili, Sufuria Moja

Juzi, kwenye dirisha la hospitali moja hapa Kisangani, nilisimama nyuma ya mama mmoja wa mtaa wa Mangobo. Wanawe wawili wana ugonjwa wa ukoo unaolegeza misuli, na wameingizwa kwenye majaribio ya dawa mpya. Huenda chupa ya mmoja ina dawa, ya mwenzake maji ya sukari. Hata muuguzi wa dirishani, aliyekuwa akimhoji, hajui ipi ni ipi.

"Mama, kila mutoto alikunywa chupa yake?"

"Hapana. Nilichanganya zote mu sufuria, nikawagawia."

"Alors, sasa tutajua namna gani kama dawa iko nasaidia?"

Mama alikaza kitenge. "Kwangu mutoto moja hawezi kula, mwenzake anaangalia."

Muuguzi akayakata majina yote mawili kwenye orodha ya majaribio.

Majaribio yameharibika, nakubali. Ila niambieni, wenye watoto wawili: yupi mngemnywesha maji ya sukari?