Ziwa la Tsuruma kwa Vipande Vitatu

Setsu Ubukata, dobi wa jirani na bustani ya Tsuruma mjini Nagoya, hakuwahi kuunguza shati la mtu wala kushindwa ubishi. Tangu ujana alikusanya kadi za posta za zamani za bustani hiyo, zilizopakwa rangi kwa mkono enzi za bibi yake. Mumewe alimtania mpaka akafa, watoto wakachoka kumsema. Yeye wala hakujali.

Kilichomnyima raha kilikuwa ziwa. Mpiga picha wa zamani alilipiga mara tatu akigeuza kamera, ili kadi tatu zikipangwa lionekane zima. Setsu alikuwa na ya kushoto na ya kati. Ya kulia alikuwa nayo Kagawa, muuza tofu ya maharage ya soya, mzee mwenye ulimi mkali.

Wakusanyaji hukutana kila mwezi kwenye mkahawa, wakila mikate ya kuchoma na maharage matamu. Kwao hapauzwi kitu, ni kubadilishana tu, na ukishailaza kadi mezani mbele ya mwenzio, umeitoa. Basi miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kulaza yake.

Mwaka huu daktari alimwambia Setsu kwamba kufikia majira ya baridi macho yake yatakuwa yamekwisha. Hakumwambia mtu. Alivaa koti lake zuri, akaenda mkahawani, akazilaza zote mbili mbele ya Kagawa.

"Bi Setsu, umelewa asubuhi yote hii?"

"Laza yako, Bwana Kagawa. Mbili kwa moja. Au unamwogopa bibi kizee?"

"Nikuogope wewe na mvuke wako wa pasi?" Akailaza.

Daraja la ziwani, lililokatwa na kingo za kadi, likaungana. Setsu aliinama na kioo cha kukuzia, akaanzia kushoto, penye msichana mdogo mwenye mitalawanda na mwavuli wa karatasi. Akasogea polepole mpaka kulia, akasita. Alikuwa msichana yuleyule na mwavuli uleule, nywele zimetimka, anacheka.

"Alikimbia!" alinong'ona. "Mpiga picha akigeuza kamera, huyu akapita nyuma yake mbio mpaka huku. Yumo mara mbili!"

Kagawa akampokonya kioo. "Lo, salale! Nimekaa naye nyumbani miaka yote, sijui katokea wapi."

Watu waliacha kahawa zao wakasogea. Vita vilikuja vikaunguza mji, mtoto yule pengine kaburini siku nyingi, na bado alikuwa anahema pale mezani. Setsu hakuwahi kuona kitu kikubwa namna ile.

Ukafika wakati wa kuokota. Setsu angechukua ya kulia, Kagawa zile mbili, ziwa litengane tena.

"Mbona mbili kwa moja, mchoyo kama wewe?" aliuliza Kagawa.

"Nilitaka kuliona zima. Macho yangu yanakwisha."

Kagawa akamsukumia zote tatu.

"Za nini? Sitaziona."

"Chukua. Kila mwezi nitakuja nikusimulie. Nitakudanganya, nitasema yule mtoto kakimbia mara tatu."

"Nitajua."

"Utajuaje, bibi wewe?"

"Nimeshamwona," alisema Setsu.