Twiga Aliyepelekwa Uchi

Mwezi huu nimemaliza vitabu vitatu, rafiki yangu, na usinicheke, mimi niliyeishia darasa la nane. Kimoja ni riwaya ya enzi za masultani, cha pili mama mmoja anasimulia maisha yake mwenyewe, na cha tatu ni historia, ile ya lugha nyepesi ambayo hata sisi wengine twaielewa. Hicho cha tatu ndicho kilichonirudisha Mambrui, nilikokulia. Nilifika penye twiga nikacheka peke yangu, mpaka mume wangu akaja kuniangalia kama niko sawa.

Miaka ya themanini, nikiwa darasa la tano, uani kwa bibi kulikuwa na kikao kila alasiri. Bibi na jirani yetu walisuka ukili wa mikeka, miaa ya kusukia imelowekwa kwenye beseni inanukia kama mvua juu ya majani makavu, na kahawa ya tangawizi yachemka pembeni. Mimi nikifagia ua, kisha nawasomea. Mume wa jirani alifanya kazi ya chumvi Marereni. Mkewe chumvi akiitia kwenye maneno.

Vitabu vilitoka kwenye kabati la mwalimu, naye sheria yake ilikuwa moja: mzazi akija kulalamika, hupewi kingine tena. Mimi bila kabati lile ningekufa.

Basi siku hiyo nikasoma kwa madaha: "Mfalme wa Malindi akatoa zawadi. Twiga akapakiwa chomboni, akavushwa bahari, akapelekwa uchi..." Ukurasa ukaishia hapo.

"Yarabi!" jirani akadakia. "Kwani huku kwetu alikuwa kavaa nini? Kanzu?"

"Labda buibui," nikamjibu, ulimi wangu nao haukujua kunyamaza.

Bibi akaweka ukili chini. "Funga hicho kitabu. Kesho nakirudisha kwa mwalimu mwenyewe. Mtoto wa kike asomeshwa mambo ya uchi!"

"Bibi, ni Uchina! Neno limekatwa, nusu iko nyuma ya karatasi!"

"Limekatwa na nani? Mimi nimehitimu Msahafu mamako hajazaliwa. Sijaona neno limekatwa katikati kama papa sokoni."

Na kweli hakuwahi kuona. Bibi alizijua herufi za Kiarabu tu, na huko neno lisipotosha kwenye mstari lahamishwa zima zima. Jirani naye hakujua herufi zozote. Nani angenitetea?

"Basi nionyeshe jingine," bibi akasema. "Ukurasa nachagua mimi. Ukikosa, kabati la mwalimu ulisahau."

Akakifungua kitabu, akabonyeza kidole. Nikasoma. Mstari mzima, hakuna. Wa pili, hakuna. Jasho lanitoka, jirani ananitazama kama kuku wa Idi. Ndipo nikafika: "Mtoto akalia, akamkimbilia bi..." Nikanyamaza. Nikashuka mstari wa chini. "...bi yake!"

"Wamekukata, shoga!" jirani akapiga kofi paja. "Kichwa huku, miguu kule!"

Bibi akainama karibu, pua yagusa karatasi. "Haka kafimbo hapa mwisho?"

"Ndiko hako, bibi. Kanasema ngoja, bado."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya leso. "Haya, mwanangu. Mwendee twiga wa watu umvishe nguo."

Nikafunua ule ukurasa, nikasimama wima, nikaisoma ile nusu iliyobaki kwa sauti ya muadhini: "NA!"

Jirani akapiga kigelegele kikavuka ukuta. "Twiga wetu! Mpaka Uchina!" Ungedhani yeye ndiye aliyemlisha njiani.

Tangu siku ile nikinyamaza tu, bibi auliza, "Kafimbo?" na wote wangoja. Wanawake wa mtaa wakaja na ukili wao kunisikiliza, kabati nikalimaliza lote, na mwalimu akaanza kuniazima vitabu vya nyumbani kwake.

Siku hizi mikeka ni ya plastiki. Haina miaa ya kulowekwa, kwa hiyo hakuna haja ya watu kukaa pamoja wakisuka. Bibi kaenda, jirani kaenda, na ua umejengwa nyumba za kupangisha. Lakini wajukuu wa jirani nikikutana nao Malindi mjini hunisalimu, "Shikamoo, msomaji." Wapo maprofesa wasioitwa hivyo hata na wake zao.