Mchango wa Maziwa

Afisa elimu wa kata akisoma matokeo ya kusoma na kuhesabu ya darasa la pili, huanza na shule iliyoongoza. Kwa hiyo sisi wa chini ya mteremko wa Sekenke tulikuwa tunasubiri sana. Tulipotajwa mwisho, walimu wenzangu waliinamia meza. Mimi nilinuna waziwazi, maana darasa la pili lilikuwa langu, na uvivu sina.

Watoto wetu ni mchanganyiko. Wapo wa wakulima, wenyeji wa hapa. Wapo wa wachimbaji wa dhahabu, wanaokuja kwa wingi mashimo yakitoa na kupotea yakikauka. Na wapo wa wafugaji waliohamia mbugani na mifugo yao. Ruzuku ya serikali huja kwa idadi ya vichwa, nayo inatosha chaki, karatasi, na kitasa kikivunjika. Chakula cha mchana hakimo. Hicho ni mchango wa wazazi, mahindi na maharage, na kamati ya shule ilikuwa imeweka sheria kwamba asiyeleta nafaka, mwanawe hapati sahani.

Wachimbaji walinunua mahindi yao. Wafugaji hawalimi, na kuuza ng'ombe ili ununue gunia waliona ni wazimu. Basi kengele ya mchana ikilia watoto wao walishika njia ya mbugani, na kwa umbali ule hawakurudi. Mazoezi ya kusoma tulifanya mchana. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kamati yetu ilikuwa imeshiba.

Mmoja wa watoto hao wa wafugaji alikuwa binti mdogo, mwepesi wa kushika, na nilimpenda, ingawa mwalimu hatakiwi kupendelea. Siku moja baba yake alikuja shuleni. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia kwenye neno lake moja kwa moja.

"Nimempa mpaka mwisho wa darasa la pili, mwalimu. Asipojua kusoma, anarudi kuchunga ndama."

Nilitaka kumpasha, lakini moyoni nilijua mtoto anayesoma nusu siku hawezi kujua kitu kizima. Nikamweleza habari ya chakula. Akafikiri kidogo, akauliza kama maziwa yanafaa.

Mwenyekiti wa kamati alikataa. Mchango ni nafaka, alisema, maziwa yanachacha. Nikamwambia mimi nimezaliwa Kinampanda, na kwetu maziwa yakishachacha ndipo tunasonga ugali. Akaniambia nisubiri mkutano wa wazazi.

Mkutano wenyewe ulizungumzia choo mpaka saa nane. Kuni zilikuwa mbichi na maharage yalikataa kuiva. Watu walianza kutazama jiko zaidi ya walivyomtazama mwenyekiti. Mama wa yule binti alikuwa amekuja na vibuyu viwili vya maziwa ya mgando, amekaa navyo nyuma kabisa. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimwambia mpishi apakue ugali, nikavichukua vile vibuyu na kumimina mwenyewe.

Wazazi wakanawa. Mwenyekiti alisema yeye ataonja tu. Akaonja, akaonja tena, akasogeza bakuli karibu. Mpishi wetu, mama asiyemwogopa mtu, akamsimamia pale pale na kumuuliza kama tuandike nafaka peke yake.

"Andika na maziwa," alisema, mdomo bado mweupe.

Tangu hapo watoto wa mbugani walikula na wenzao na kubaki. Watoto wa wakulima ndio waliogombania maziwa. Sitadanganya kwamba mambo yote yalinyooka: wachimbaji bado wanahama katikati ya muhula, na ruzuku ni ile ile nyembamba. Lakini katika matokeo yaliyofuata hatukuwa wa mwisho, wala wa kukaribia mwisho, na nilijizuia kwa shida nisipige kigelegele mbele ya afisa elimu.

Mwaka ulipokaribia kwisha, baba yake binti alikuja asubuhi kumpima mwanawe. Yeye mwenyewe hakusoma, na vitabu vyangu hakuviamini. Alisema mtoto ameshavikariri. Akatoa kwenye koti chupa ya dawa ya ng'ombe, akampa. Maandishi yalikuwa madogo mno, na sikuwahi kumfundisha maneno ya namna ile.

Binti akaweka kidole chini ya mstari. "Maziwa ya ng'ombe... aliyechomwa dawa hii... yasinywewe... mpaka wiki ipite."

Baba akamwambia arudie. Akarudia, safari hii bila kidole. Yule mzee akanigeukia kuniuliza kama ndivyo ilivyoandikwa. Nikaichukua chupa, nikasoma, nikamwambia ndivyo.

"Nimechoma jana," akasema taratibu. "Na miaka yote nachoma hii hii. Hakuna aliyeniambia."

Nilitoka mbio kwenda jikoni, na maziwa ya siku ile tukayamwaga yote. Niliogopa, na papo hapo nilikuwa na furaha ambayo sikujua pa kuiweka. Niliporudi, baba na binti walikuwa wameshaondoka.

Kesho yake maziwa hayakuja, na watoto walinung'unikia maharage. Baba alikuja. Alikuwa amemshika mkono mdogo wa yule binti, akaniuliza kama uandikishaji wa darasa la kwanza umeshaanza.