Amana Isiyobweka

Mimi ni mtu wa Langoni, mtaa wa mji wa kale huku pwani, na maisha yangu yote mbwa nimemjua kwa mbali: mnyama wa kufukuzwa huku unakusanya buibui lako asikuguse. Ndiyo maana mpaka leo sijui nilikubali vipi. Mwalimu mmoja wa bara, jirani yangu kule Kililana nilikorithi shamba la baba, alipata uhamisho wa ghafla. Asubuhi moja akasimama uani kwangu ameshika kamba, na mwisho wa kamba yupo mnyama wa kijivu, miguu mirefu, macho ya manjano, ananitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Mama, nikipata nyumba nitakuja kumchukua," mwalimu alisema. "Ni chotara huyu. Nusu mbwa, nusu mbwa mwitu wa nchi za theluji."

Theluji! Na jua lile la Kililana.

Nikampigia simu kakangu anayesomesha Kurani chuoni, huko mjini, nimuulize dini inasemaje. Akauliza kama nyani bado wanakula mahindi yangu. Nikamwambia wamebakisha kunila mimi.

"Basi mbwa wa kulinda shamba una ruhusa naye," akasema. "Akikuramba, osha kwa mai mara saba, moja na mtanga. Mtanga usisahau, dada."

Maji na mchanga ninavyo. Nikapokea kamba. Amana ni amana.

Mwalimu alikuwa amenieleza mengi: nyama mbichi na mifupa, si ugali mtupu, maji tele, kivuli, asifungwe mnyororo, ua uwe mrefu na chini papangwe mawe, maana huruka na huchimba. Nikayafanya yote, nikinung'unika. Chakula nilimtilia kwenye karai, nikalisukuma kwa kingoe cha kuangulia mapapai, kisha huyo naondoka. Sikutaka mate yake wala yeye hakuonekana kunitaka. Alichimba shimo refu chini ya mkorosho, akang'oa mihogo yangu njiani, akalala humo mchana kutwa akihema. Manyoya yalimtoka mafungu mafungu, yakaruka hadi kwenye kanga nilizoanika. Kufua nikafua tena.

Kisha nyani wakaja. Nikafungua mlango wa ua, nikapiga kelele, "Haya, kazi yako!" Mnyama aliwatazama nyani, akanitazama mimi, akaenda kujificha nyuma ya nyumba. Nilibaki nimesimama na fimbo mkononi, sijui nimpige nani. Mbwa gani huyu habweki? Sauti yake nilikuwa nimeisikia kwenye adhana ya alasiri tu: aliinua pua juu akatoa mlio mrefu, wa huzuni, hata mimi nikasahau kuitikia adhana.

Kakangu alipokuja kunitembelea, mnyama alimwona akatumbukia shimoni, zikabaki ncha za masikio.

"Dada, huyu yuwalinda nini?"

Nikamkaribisha chai.

"Kama halindi, wamweka kwa ruhusa gani?"

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Kumfukuza, nimevunja amana. Kumweka, namweka kama nani? Tena nusu yake si mbwa. Je, nusu hiyo nayo ina mara zake saba? Nilimuuliza kakangu, akasema nisimfanyie mzaha. Wallahi sikuwa na mzaha.

Kabla sijaamua, mnyama akaacha kula. Nyama ikabaki kwenye karai na nzi wake. Nikajaribu samaki, nikajaribu maini, nikajaribu hata mayai. Mbavu zikaanza kuonekana. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa atanifia mikononi na mwalimu amemwacha mzima. Nikampigia simu.

"Mama, unapompa chakula unakaa naye?"

"Nikae naye vipi?"

Akasema taratibu, kama asiyetaka kunikosea adabu, "Hawa huishi kundi, Mama. Mimi nilikuwa nakula naye barazani, sikufikiria kukwambia. Ukimsukumia chakula ukaondoka, anajua ametengwa."

Nilikata simu nikakiangalia kile kingoe. Kwetu sisi hata adui akifika wakati wa chakula huambiwa karibu. Sijawahi kumsukumia mtu sahani kwa mti.

Siku ile nilitandika jamvi ukingoni mwa shimo, nikakaa na wali wangu, karai lake la nyama kando yangu. Kikavu kwa kikavu hakuna najisi, hilo nalijua tangu utotoni. Nikasema, "Bismillahi, karibu," nikajiona mwehu. Nikala. Mnyama alitoka nusu, akarudi, akatoka tena. Mwisho akaja kulala ubavuni mwangu, mzito, wa moto, akavuta pande la nyama akala, huku jicho lake liko kwangu kuona kama nitainuka. Machozi yalinitoka, wala sijui yalikuwa ya nini.

Alipomaliza akaniramba mkono, wote, hadi kwenye kiwiko. Nikaenda kwenye pipa na kata ya maji na mchanga. Moja, mbili, tatu. Naye akanifuata, akakaa, akatega kichwa anitazame ninavyohangaika. Nilipofika sita, akanyoosha shingo akaniramba tena.

Nikamwambia, "Huna akili wewe," nikachota mchanga mwingine, nikaanza tena na moja.