Fundi Cherehani Aliyeipima Bei kwa Futi

Asubuhi ile tulikunywa chai kama siku zote. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani, chaki sikioni, anatunga uzi kwenye sindano. Mimi niko mlangoni navaa viatu. Nikasikia sauti yangu inaita kutoka chumbani: "Mke wangu, imevuka!"

Nikaitika: "Naam?"

Akacheka mpaka uzi ukamponyoka. "Mume wangu, unajiitikia mwenyewe?"

Ilikuwa simu yake. Hiyo ni Jumatano. Alhamisi alianguka, hakuinuka tena.

Wanangu wameniomba niandike habari zake. Shule sikuiona. Herufi alinifundisha yeye ukubwani, kwa chaki ya kushonea, kwenye kitambaa cheusi. Nitaandika machache.

Paa letu lilikuwa linavuja juu ya kitanda hasa. Mvua ikinyesha tunalala na beseni katikati, kama mtoto mchanga. Alikuwa na akiba yake ya mabati, haikutosha. Akanunua nayo hisa za kiwanda cha saruji, kwa simu, apate kuiongeza. Nikisema neno ataniuliza nimeleta bati ngapi.

Kwenye simu kulikuwa na picha ya bei, mstari unaopanda na kushuka. Akachukua futi yake, akapima kioo.

"Ikifika inchi tatu, nauza."

Akawa anapima kila asubuhi. Wiki mbili zikapita.

"Inchi mbili na nusu," anasema. "Huyu mtoto hakui."

Akaipeleka simu kwa fundi simu wa mtaa wa pili. Fundi akaiangalia ile futi, akamwangalia yeye.

"Mama, simu inaipunguza picha yenyewe ili ienee kiooni. Bei hata ifike mawinguni, hapa ni inchi mbili na nusu."

"Yaani ikinenepa inalegeza mkanda?"

"Ndiyo, mama."

"Mjanja huyu. Nina wateja wa namna hiyo."

Fundi akamwonyesha viashiria, alama za kuonyesha bei inaelekea wapi. Akaweka mistari miwili juu ya picha. Mmoja ni wastani wa bei ya siku kumi, unaifuata bei mbiombio. Wa pili ni wastani wa siku hamsini, unajivuta. Wa haraka ukiukata wa polepole kwenda chini, bei imechoka, uza. Na simu unaweza kuiagiza ikuite papo hapo, kwa mlio wako mwenyewe.

"Wa polepole ndio wewe," mke wangu akaniambia nyumbani.

"Na wa haraka?"

"Unauliza?"

Milio ya simu alikuwa haisikii, cherehani inaimeza. "Sauti inayonikatisha kazi ni yako tu," akasema, "maana ukiniita lazima unataka kitu." Akanirekodi nikimwita kwamba mistari imevuka. Ilibidi nirudie mara nne. Alisema ninaita kama mtu anayeomba chumvi.

Kwanza aliharibu. Alichagua picha inayopima bei kila dakika tano badala ya kila siku, kisha akaiagiza iite kila mara. Siku ya kwanza nilimwita mara thelathini na moja. Tukiwa zahanati kwenye foleni, mkoba wake ukapiga kelele: "Mke wangu, imevuka!"

Muuguzi akatoa kichwa. "Bibi, mumeo yuko wapi?"

"Yumo humu," akasema, akaupiga mkoba kofi. "Tulia, baba."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Hakuna aliyeniuliza.

Fundi simu akairekebisha: picha ya siku, na iite mara moja tu. Ikakaa kimya wiki tano. Mdogo wangu, naye alikuwa na hisa hizo hizo na paa linalovuja kama letu, akawa anapita kumtania. "Shemeji, mabati utayaota tu."

"Nitayaota yakiwa juu yangu," anamjibu.

Siku yenyewe alikuwa anampima bibi harusi. Gauni zima limeshikwa na pini, binti hawezi hata kugeuka, na mke wangu ana pini kama nane mdomoni. Simu ikapaza sauti yangu.

Akanitazama. "Mmm! Mmm!"

Nikamletea maji.

Akatikisa kichwa, akaonyesha simu. Mikono yake miwili imeshika pindo. Nikaichukua. Kuna kitufe cha kijani na chekundu, na maandishi madogo kama sisimizi.

"Babu, chekundu!" bibi harusi akapiga kelele. "Uza!"

"Nikibonyeza kijani?"

"Utanunua zaidi!"

"Mmmmm!" mke wangu akapiga mguu chini, pini zikamwagika.

Nikabonyeza chekundu. Simu ikauliza kama nina hakika. Miaka hamsini ya ndoa, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema ndiyo kwa sauti. Bibi harusi akasema, "Babu, haisikii, bonyeza tena." Nikabonyeza. Bibi harusi akachomwa pini, akalia, tukacheka wote, naye pia.

Mabati yakaja wiki ile. Nikayapigilia na mdogo wangu. Mke wangu akawa chini anatuelekeza, kana kwamba ni shati.

Hata baada ya hapo aliendelea kununua vihisa vidogo na kutega simu. Kwa hiyo sauti ile bado imo. Juzi iliita. Fundi simu alitaka kuizima, nikamkatalia.

Miezi miwili baada ya kuuza, saruji ikapanda sana. Mdogo wangu, ambaye hakuuza, akaja mbio kwenye mvua, amelowa chapachapa, meno yote nje.

"Shemeji, mistari yako imekudanganya! Ungesubiri, sasa hivi ungekuwa tajiri!"

Mke wangu alikuwa amejilaza kitandani, katikati kabisa. Akasogea, akampa taulo, akamwambia:

"Shemeji, hiyo bei yako ya juu nimeisikia. Kaiweke juu ya kitanda chako usiku wa leo, kesho uje uniambie kama ulilala mkavu."